Brokoli za Mama Precious

Luhende Maganga alistaafu kazi akiwa na miaka sitini kamili, lakini pale mtaani kwao Malambo, Bariadi, hakuna aliyekubali kwamba amestaafu. Aliitwa Bwana Shamba alipokuwa na pikipiki ya serikali, na aliendelea kuitwa hivyo alipobaki na baiskeli. Hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kuirudisha ile pikipiki walimwita Bwana Shamba, kana kwamba ndilo jina alilobatizwa nalo.

Kazi yake ilikuwa pamba. Kwa miaka thelathini na mbili alizunguka vijiji vya Bariadi, Itilima na Meatu akifundisha watu kupanda kwa mistari, kupulizia dawa kwa wakati, na kung'oa mashina yote ya pamba na kuyachoma msimu ukiisha ili wadudu wasipate pa kujificha. Alikuwa hodari kweli. Angeweza kusimama pembeni mwa shamba la mtu mbishi, akachuma kitumba kimoja, akakipasua kwa ukucha wa kidole gumba na kumwonyesha funza aliyelala ndani. Mbishi alikuwa ananyamaza hapohapo. Mahindi, mpunga, dengu na choroko navyo alivijua. Mboga alizisoma chuoni, kurasa chache, akazifanyia mtihani, akazisahau. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba amezisahau, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mkewe, Esteria, alikuwa akimtania kwamba tangu waoane hajamsikia akikiri kutojua jambo, hata ile siku walipopotea njia wakienda msibani Lalago na wakazunguka saa mbili nzima porini huku yeye akisisitiza kwamba hiyo ni njia ya mkato.

Jirani yao wa nyumba ya tatu alikuwa mjane mmoja mshonaji, Wilhelmina, ambaye watu walimwita Mama Precious kwa jina la binti yake wa pekee. Nyuma ya nyumba alikuwa na kipande cha ardhi, si kikubwa, pengine ukubwa wa nyumba ya vyumba vitatu. Humo alilima mchicha, figiri, bamia na nyanya. Precious mwenyewe alikuwa Arusha, ameajiriwa kwenye shamba la mboga, na mwaka ule aliamua kumtumia mama yake mbegu za brokoli. Alizifunga kwenye karatasi, akazituma kwa basi pamoja na kitenge. Kwenye simu alimweleza: zioteshe kitaluni, uzihamishe zikiwa na majani manne au matano, zinafanana na kabichi, na baada ya miezi miwili hivi utaona kichwa kinatokea katikati.

Wilhelmina aliyashika maneno hayo kama yalivyo. Simu yake ilikuwa kitochi, haipokei picha. Brokoli hakuwahi kuiona maishani mwake.

Wakati huohuo kikundi cha akina mama wa kanisani kwao kilipata meza kwenye viwanja vya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, Nyakabindi. Kila mama aliambiwa aseme ataleta nini kutoka bustanini kwake. Mmoja alisema karoti, mwingine viazi lishe. Ilipofika zamu ya Wilhelmina, akasema, "Mimi nitaleta brokoli." Generoza, mwenyekiti wa kikundi, aliandika kwenye daftari, akasimama, akamwomba alitaje tena hilo neno, akafuta, akaandika upya. Akina mama wakapiga makofi. Siku hiyo Wilhelmina alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Alizihudumia zile mboga kuliko kitu chochote alichowahi kupanda. Miche sitini. Aliitilia samadi iliyokaa, akatandaza nyasi kavu chini ili unyevu usipotee, akamwagilia alfajiri kabla ya kukaa kwenye cherehani na tena jua likipoa. Mwezi wa sita ulipita. Majani yakawa mapana, mazito, yana rangi kama ya kijani iliyopakwa majivu. Watu waliopita njia walisimama uani kutazama.

Katikati ya mwezi wa saba akaona kitu. Ndani kabisa ya kila mche, kati ya majani machanga, palikuwa pamechomoza kifundo cha kijani, kidogo kama yai la kuku. Hakikufanana na kabichi. Kabichi hujifunga majani. Hiki kilikuwa na chembechembe nyingi zilizobanana kama mchanga. Wilhelmina akaingiwa na wasiwasi.

Ilikuwa Jumapili. Generoza na akina mama wengine wawili walikuwa wametoka naye kanisani, wakapitia bustanini kuona maendeleo. Na Luhende, mwenye shati lake jeupe la Jumapili, alikuwa anapita nje ya ua.

"Mwangaluka, Baba," Wilhelmina alimwita kwa salamu ya Kisukuma. "Karibu utusaidie. Mungu amekuleta."

"Mwangaluka, mayu. Kuna nini?"

"Hebu tazama hizi mboga zangu. Naona zimeanza mambo mengine."

Luhende akaingia, akachuchumaa. Baadaye, alipokuwa akinisimulia habari hii, aliniambia kwamba palepale moyo ulimwambia wazi kabisa: huu mmea huujui, hujawahi kuuona. Ilikuwa ni kusema hivyo tu, maneno mawili, kisha kwenda zake kula. Lakini akina mama wanne walikuwa wamesimama nyuma yake wamenyamaza, na kunyamaza kule alikuwa amekuzoea. Ndivyo wakulima walivyonyamaza miaka yote wakisubiri aseme.

Akakichuma kile kifundo kimoja, akakipasua kwa ukucha kama alivyozoea kupasua kitumba. Akaona chembe za maua ambayo hayajafunguka. Akashukuru moyoni kwamba ameona kitu anachokijua.

"Haya ni maua," alisema.

"Maua!" Generoza alishtuka.

"Maua. Kabichi au mboga yoyote ya ukoo huu ikikimbilia maua, imekwisha. Ni joto limeiharakisha."

Wilhelmina alishika kiuno. "Sasa nifanyeje? Nane Nane ni wiki tatu zijazo."

"Kata," Luhende alisema, akatoa kisu kidogo cha mfukoni. "Kata mapema, nguvu irudi kwenye majani yajifunge." Akakata la kwanza yeye mwenyewe, akakata la pili, akayatupa pembeni. "Na chochote kitakachochipua ubavuni, kikate vilevile. Usikionee huruma."

"Lakini Precious alisema kitatokea kichwa katikati."

"Kichwa kitatokea hapo majani yakijifunga. Hili ua ndilo linalokizuia."

Wilhelmina aliangalia mche, akamwangalia yeye. "Basi, wewe ndiye unayejua, Baba. Wabeja sana, asante."

Jioni ile alivikata vyote vilivyobaki, hamsini na saba, akawapa mbuzi wa jirani. Wale mbuzi walikula hadi vijiti.

Luhende aliniambia kwamba usiku ule alilala vizuri. Hilo ndilo linalomuuma hadi leo, kwamba alilala vizuri.

Majani hayakujifunga. Siku zikapita, yakazidi kutanuka tu, magumu. Wilhelmina alimfuata siku moja kuuliza, naye akamjibu kwamba hali ya hewa ya mwaka huu si nzuri, asubiri. Nane Nane ikafika. Wilhelmina akafunga mafungu ya figiri na bamia, akayapeleka Nyakabindi, akayapanga pale palipokuwa pametengwa kwa ajili ya brokoli. Generoza akafuta neno kwenye daftari lake. Akina mama wakamwambia, "Usijali, mwaka kesho." Mmoja, ambaye hakujua kwamba anasikika, akasema kwamba mtu akitaka kujionyesha huishia hivyo. Wilhelmina alikaa siku nzima nyuma ya meza akiyanyunyizia maji figiri ambayo kila nyumba ya Bariadi inayo.

Luhende naye alikuwa viwanjani siku hiyo. Wasimamizi wa banda la pamba walikuwa wamemwomba, kama mstaafu mwenye uzoefu, aje awaeleze wakulima habari za funza. Alieleza vizuri, watu wakamsikiliza, akapewa maji ya chupa. Saa saba akatoka kwenda kutafuta chakula, na njiani akapita kwenye meza ya akina mama waliotoka Nyashimo, upande wa ziwani.

Juu ya meza palikuwa na ungo, na ndani ya ungo vichwa sita vya kijani, vikubwa kama ngumi mbili za mtu mzima, vimenyunyiziwa maji vikawa vinang'aa. Luhende alisimama. Alizitambua zile chembechembe kabla hata hajainama.

"Dada, hii ni nini?"

"Brokoli, mzee. Karibu." Mwanamke aliyekuwa pale alimgeuzia kichwa kimoja aone na chini.

"Na hapa juu?"

"Hapo ndipo panapoliwa. Ni maua yake hayo, hayajachanua. Unayaacha yanenepe, ila usichelewe. Yakianza kuwa ya njano, umepoteza."

Luhende aliweka mikono nyuma. "Na mtu akiyakata yakiwa madogo? Kama yai?"

"Ah, huyo atakuwa na njaa sana."

"Akawapa mbuzi?"

Yule mwanamke alicheka kwa sauti, akamgusa mwenzake begani. "Sikia mzee anavyotania!"

Masikio yalimwaka moto. Meza ya akina mama wa kanisani kwake ilikuwa upande ule mwingine, hatua kama arobaini tu, na katikati ya vichwa vya watu alikiona kilemba cha Wilhelmina cha rangi ya machungwa. Angeweza kwenda. Alisema alipiga hatua mbili hivi. Kisha akageuka, akapita nyuma ya mabanda ambako watu wanamwaga maji machafu, akachukua bodaboda, akarudi Malambo bila kula.

Watu wengi wangedhani aibu yake ilikuwa ya kutojua. Yeye mwenyewe alidhani hivyo kwa siku chache. Alijiambia, jambo limepita. Alijiambia, zilikuwa mboga tu, hakuna aliyekufa, na nikimwambia sasa nitamwongezea uchungu bure. Wakati akijiambia hayo, alibadilisha njia. Badala ya kupita kwa Wilhelmina akienda dukani, alizunguka kwa nyuma, kwenye mashine ya kusaga, njia ndefu yenye vumbi, huku akisukuma baiskeli ili asionekane ana haraka.

Baada ya wiki moja hivi, jioni, akasikia hodi.

"Mwadila, Baba."

Alikuwa Wilhelmina, ana kikapu. Ndani mlikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, vyeupe, safi, vilivyotoka kwa dada yake Maswa.

"Nimekuletea kidogo," alisema. "Sijakushukuru vizuri. Ningeyabeba yale maua hadi Nyakabindi mbele ya watu wote, nikaulizwa ni nini. Umeniokoa na aibu."

Esteria alipokea kikapu, akamkaribisha mgeni kiti.

"Nimemgombeza yule mtoto," Wilhelmina aliendelea. "Nimempigia nikamwambia, mbegu ulizoniletea ni mbovu, zimetoa maua. Akaanza kunieleza eleza, mama sijui hivi, mama sijui vile. Nikamwambia nyamaza, Bwana Shamba mwenyewe ameziona kwa macho yake, wewe unajua kuliko yeye? Nikakata simu." Akatazama mikono yake. "Sasa leo siku ya sita hajanipigia. Hajawahi kukaa siku sita."

"Atapiga tu," Esteria alimfariji.

"Atapiga," Luhende akasema.

Wilhelmina alipoondoka, Luhende alibaki amekaa hapohapo. Asubuhi yake Esteria alichemsha ile michembe, akaichanganya na karanga zilizotwangwa, akamwekea mumewe na chai. Akala. Ilikuwa tamu, akaongeza. Katikati ya bakuli la pili mkono ukasimama, akamwambia mkewe kila kitu: Jumapili ile, kisu, ungo wa akina mama wa Nyashimo, njia ya nyuma ya mabanda.

Esteria alianza kwa kucheka, maana habari ya mbuzi ilimchekesha. Kisha akaacha kucheka.

"Mama Precious anajua?"

"Hajui."

"Kwa hiyo jana alikaa pale, akakushukuru, ukamtazama."

"Nilishindwa pa kuanzia."

"Mtoto wa watu huko Arusha hampigii mama yake simu, na wewe uko hapa unapuliza chai." Esteria alilichukua lile bakuli kutoka mbele yake, akaliweka kwenye kabati. "Kuanza ni kusimama. Nenda. Na usiniambie nikusindikize."

Alikwenda. Wilhelmina alikuwa barazani kwenye cherehani, na bahati mbaya, au nzuri, Generoza alikuwepo, amekuja kupimwa gauni. Luhende akakaa kwenye benchi akisubiri Generoza aondoke. Generoza hakuondoka. Walizungumza habari za mikono ya gauni, iwe mifupi au mirefu, wakazungumza habari za mgonjwa fulani, na Luhende akaendelea kuzungusha kofia yake magotini. Mwishowe akakumbuka kwamba siku ile alipotoa ushauri Generoza alikuwepo pia.

"Mama Precious," alisema, "nina neno. Na Mama Generoza asikie, kwa sababu siku ile naye alisikia."

Cherehani ikaendelea kidogo, ikapunguza mwendo.

"Zile brokoli zako hazikuwa na ubaya wowote. Kile ulichokikata ndicho kichwa chenyewe. Ndicho kinacholiwa. Mimi nilikuwa siijui ile mboga. Sikuwahi kuiona. Niliona aibu kusema mbele yenu kwamba siijui, nikasema lililonijia mdomoni."

Cherehani ilisimama. Generoza aliinamia kitambaa chake kama vile anatafuta uzi uliopotea.

"Ulijua lini?" Wilhelmina aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Nane Nane. Niliziona kwenye meza ya watu wa Nyashimo."

"Nane Nane ipi? Hii iliyopita?"

"Hii."

Wilhelmina alihesabu kimyakimya. Luhende aliona midomo ikicheza. Kisha akasema, "Na michembe yangu ukala."

"Nilikula."

"Ukala, ukijua."

"Ndiyo."

Wilhelmina alivua miwani yake ya kushonea, akaifuta kwa pindo la kitenge, muda mrefu. "Kutojua si neno, Baba," alisema. "Hata mimi sikujua, na Generoza hapa hakujua. Ungesema hujui tungecheka wote, tungempigia mtoto atueleze. Mimi nilikuja kwako na kikapu. Nikakwambia mtoto wangu hapigi simu. Ukaniambia atapiga."

Luhende aliniambia kwamba katika utumishi wake amewahi kutukanwa na wakulima, amewahi kufukuzwa shambani na mtu mwenye panga, lakini hakuwahi kutamani ardhi ipasuke kama siku ile, mbele ya mama aliyesema kwa upole, ameshika miwani.

Wilhelmina akachukua ile simu yake, akabonyeza, akamnyooshea. "Mwambie mwenyewe."

Simu iliita, ikapokelewa. "Mama?" Sauti ya Precious ilikuwa na hamu na hofu kwa pamoja.

"Si mama. Ni mimi, Mzee Luhende, jirani."

"Shikamoo, Baba. Mama ana nini? Anaumwa?"

"Marahaba. Mama ni mzima, yuko hapa. Nina jambo la kukuambia." Akamwambia. Safari hii maneno yalitoka ovyo, alichanganya mwanzo na mwisho, akasahau kutaja mbuzi, akarudi kuwataja. Upande wa pili alisikia mlio wa maji na watu wakiitana kwa mbali.

"Nilimwambia mama," Precious alisema hatimaye, na sauti ilikuwa imelowa. "Nilikuwa namweleza kwamba hayo maua ndiyo yenyewe. Akaniambia ninyamaze."

"Alisema hivyo kwa ajili yangu. Aliniamini mimi. Kosa si lake."

"Miche bado ipo?"

Luhende akamwuliza Wilhelmina kwa macho. Wilhelmina akanyoosha mkono, akaichukua simu. "Ipo kama ishirini," alisema. "Mingine nimewapa mbuzi." Akasita. Kisha, kwa Kisukuma, kwa haraka na kwa sauti ya chini, akaanza kuongea na mwanawe, akaingia ndani akifunga pazia nyuma yake. Generoza na Luhende wakabaki barazani. Generoza alisema jua la leo ni kali. Luhende akakubali.

Wilhelmina alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Precious alikuwa amemwambia kwamba brokoli ikikatwa kichwa cha katikati huchipua vichwa vidogo ubavuni, asivikate, aviache. Wakaenda wote watatu bustanini. Wilhelmina alikuwa mtiifu mno: kila mche ulikuwa na makovu mabichi pembeni, pale alipokuwa akikata machipukizi asubuhi na asubuhi kama alivyoagizwa. Luhende aliyatazama yale makovu. Kwenye miche michache, chini kabisa, palikuwa na vijichipukizi vipya ambavyo kisu kilikuwa hakijavifikia.

"Nitakuja kukusaidia kumwagilia," Luhende alisema. "Asubuhi na jioni. Nitakuletea na samadi."

"Hapana, Baba."

"Angalau maji."

"Nitamwagilia mwenyewe."

Habari haikukaa barazani pale. Generoza hakuwa mtu mbaya, lakini lilikuwa jambo tamu mno kulinyamazia, na baada ya siku tatu mtaa mzima ulikuwa nalo. Vijana wa bodaboda pale kijiweni walianza kumuuliza Luhende kama brokoli inapandwa kwa mistari. Mzee mmoja waliyekuwa wakisali naye alimwomba ushauri kuhusu mbuzi, kwa uso mkavu kabisa, akaondoka akitikisika mabega. Luhende alivumilia. Hakubadilisha tena njia. Alipita mbele ya ua wa Wilhelmina kila siku, akisalimia, akiitikiwa, salamu tu na hakuna nyongeza.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa Precious alikuja likizo. Luhende alijua kwa sababu alisikia vicheko uani kule. Siku ya pili binti akaja mwenyewe kumwalika yeye na mkewe chakula cha mchana. Luhende alitaka kusingizia mgongo. Esteria alikuwa ameshavaa.

Vichwa vilikuwa vidogo, kama ngumi ya mtoto wa miaka mitano, na vyote kwa jumla havikujaza sinia. Precious alikuwa amevichemsha kidogo tu, akavikaanga na kitunguu na chumvi, vikabaki na ukijani wake. Palikuwa na wali, kuku wa kienyeji na mchuzi. Generoza naye alikuwepo. Wilhelmina aligawa zile brokoli kwa kijiko, vipande vitatu kila mtu, na alipofika kwa Luhende alimwekea vitatu kama wengine. Si viwili wala vinne.

Alitafuna. Watu wote waliacha kula wakamtazama.

"Unaionaje, Baba?" Precious aliuliza.

Kusema ni nzuri sana kulikuwa tayari kwenye ulimi wake. Ingekuwa ni adabu, na nani angemlaumu? Akameza.

"Kusema kweli, mwanangu, siipendi. Ina harufu ya kabichi iliyolala."

Esteria alimkanyaga mguu chini ya meza. Wilhelmina akaanza kucheka, akaweka sahani chini, akajifuta macho. "Hata mimi," alisema. "Hata mimi siipendi gete, hata kidogo! Nimekuwa nikiogopa kumwambia mtoto tangu jana." Precious akalalamika kwamba mbegu zake zimefika kwa watu wasio na shukrani, Generoza akasema yeye anaipenda na akaomba vipande vya Luhende. Walikula wakamaliza. Lakini Luhende, kila alipocheka na wenzake, alikuta macho yake yameangukia mkoba wa safari wa Precious uliowekwa kwenye kona, akawaza zile siku alizokaa bila kumpigia mama yake, ile miche arobaini iliyoliwa na mbuzi, na mama aliyekaa siku nzima Nyakabindi akinyunyizia figiri maji.

Mwaka uliofuata Wilhelmina alipanda tena, kwa ajili ya meza ya kikundi na kwa mama mmoja mwenye mgahawa karibu na ofisi za mkoa. Alivuna vichwa vikubwa. Watu waliokuja kuangalia aliwaeleza mwenyewe, tangu kitaluni, bila kukwama. Luhende aliyasikia maelezo yale kutoka nje ya ua mara mbili tatu, akiwa na baiskeli yake. Mambo ya pamba Wilhelmina alimuuliza kwa niaba ya dada yake wa Maswa. Ya mboga hakumuuliza tena.

Na yeye, bila kumwambia mtu, alinunua mbegu mjini, akapanda miche kumi nyuma ya nyumba yake. Alisema alitaka tu kuiona ikikua tangu mwanzo, kwa macho yake. Ikastawi. Kisha akaenda msibani Maswa siku nne, aliporudi akakuta viwavi wameimaliza, imebaki mishipa ya majani imesimama kama njiti za ufagio. Akaing'oa, akapanda choroko.

Siku moja aliposimama uani kwa Wilhelmina kumsalimia, akamwambia. Hakuna aliyemlazimisha.

"Nami nilipanda zile mboga zako. Kumi. Viwavi wamekula zote."

Wilhelmina alinyanyua macho kutoka kwenye tuta. "Hukufunika chandarua?"

"Kumbe hufunikwa?"

"Tangu siku ya kwanza. Chandarua cha zamani, unakishikiza na mawe." Akamtazama kidogo, si kwa ukali. "Ungeniuliza, Baba."

Luhende alisema ni kweli, angemuuliza. Akasimama pale kidogo zaidi, mkono kwenye usukani wa baiskeli, kisha akaaga, akaenda dukani alikokuwa ametumwa chumvi.